Nyumba Aliyoikata Mama kwa Mkasi

Kabla hatujahamia Katubuka, baba alikuwa anakohoa kila alfajiri, na hakuwa mgonjwa. Tulipanga vyumba viwili Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya soko. Chumba cha ndani walilala baba na mama. Cha nje alilala bibi, mzaa mama, pamoja na sisi watoto wanne. Baba akitaka kutoka kwenda kazini bandarini ilimlazimu apite katikati yetu, na katikati yetu alikuwa amelala mkwewe. Kwa hiyo alisimama nyuma ya pazia akakohoa mara mbili. Bibi akajifunika kanga mpaka kichwani, akageukia ukutani. Baba akapita mbio, macho juu, kama mtu anayevuka barabara. Akishafika uani ndipo alipogeuka na kusema kwa sauti, "Shikamoo, mama," na bibi akajibu kutoka ndani ya kanga, "Marahaba, baba. Kazi njema."

Sisi watoto tulikuwa tunajikaza tusicheke. Siku hizi nikikumbuka sicheki. Mtu mzima kuishi miaka mitano akiomba njia ndani ya nyumba yake, na mtu mzima mwenzake kujifunika uso kila alfajiri ili heshima isivunjike, si jambo dogo.

Baba alikuwa mtu wa Tanga aliyehamishiwa Kigoma akiwa karani kijana, akaoa hapo hapo. Mama alizaliwa Ujiji, ila ukoo wake ulitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, tangu zamani ambazo hata bibi alikuwa amesimuliwa tu. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka moja pale Mwanga, na alijulikana kwa jambo moja: hakukata kitambaa cha mtu kabla ya kukata gazeti kwanza. Alimpima mteja, akachora kwenye magazeti ya zamani, akakata, akamwekea karatasi mwilini na kumtazama. Wateja wenye haraka walimkimbia. Waliobaki hawakuhama tena.

Baba alipopata kiwanja Katubuka, alileta nyumbani ramani aliyochorewa na mwenzake wa kazini. Tulikaa wote kwenye mkeka kuitazama. Ilikuwa na sebule kubwa mbele, korido katikati, na vyumba vinne, viwili huku na viwili huku. Juu ya ramani yule mchoraji alikuwa ameongeza mti na gari. Hatukuwa na gari.

Mama aliigeuza mara mbili mikononi. Kisha akauliza, "Upepo unaingilia wapi?"

"Madirishani," baba akasema.

"Unaingilia dirishani. Unatokea wapi?"

Baba alitazama ramani. Kila chumba kilikuwa na dirisha moja, na mlango wa kila chumba ulifunguka kwenye ile korido, ambayo yenyewe haikuwa na tundu hata moja. Tulikuwa tunalijua joto sisi. Bati la nyumba ile ya kupanga lilikuwa chini kiasi kwamba baba akinyoosha mkono analigusa, na miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, mchana hakuna aliyekaa ndani. Bibi alihama na kigoda chake kuzunguka nyumba, akifuata kivuli cha ukuta, na jioni alikuwa amefika alikoanzia.

"Na mama yangu atapita wapi akienda chooni?" mama akaendelea. "Hapa kwenye korido? Mbele ya mlango wetu?"

"Sasa wewe mshonaji unataka kumfundisha mtu ramani?" baba akasema, lakini kwa utani, kwa sababu alikuwa anamjua mkewe.

Kesho yake mama akatupima. Hakutupima tukiwa wima kama wateja. Alitulaza chini mmoja mmoja, akaweka futi ya kushonea utosini mpaka nyayoni, akaongeza shibiri moja kwa ajili ya kukua. Bibi alipoambiwa alale alikataa. "Mtu anapimwa amelala siku moja tu," alisema, "na siku hiyo mimi sitakuwapo kusikia." Mama akambembeleza, bibi akakubali kupimwa ameketi amenyoosha miguu. Halafu mama akashinda siku mbili akiunganisha magazeti kwa uji wa muhogo, akakata vitanda. Vitanda vya karatasi vya ukubwa wake kamili. Akakata na meza, na kabati, na mduara wa mtungi wa maji.

Jumapili tukaenda kiwanjani na karatasi zetu tumezikunja kwapani, mawe mfukoni ya kuzizuia zisipeperuke. Kiwanja kilikuwa kidogo. Baba alikipima kwa hatua zake, akarudia, kana kwamba mara ya pili kingeongezeka. Upande wa magharibi, kati ya miti ya majirani, ziwa lilionekana kipande kidogo, upana wa kanga iliyoanikwa. Mama alitandika vitanda vyetu vya gazeti juu ya majani, sisi tukajilaza juu yake, tukaambiwa tuinuke twende chooni, turudi, tuone nani anamkanyaga nani. Watu waliopita njiani walisimama. Mmoja aliuliza kama kuna msiba.

Fundi tuliyempata alikuwa Muha wa upande wa Kasulu, mtu mwembamba asiyevaa viatu kazini. Siku ya kwanza alitusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," sisi watoto tukaitikia na wazazi wetu wakanyamaza, maana lugha ile sisi tulijifunzia shuleni kwa wenzetu na wao hawakuwahi kuijua vizuri. Alisikiliza ugomvi wa ramani kwa siku tatu bila kuchimba hata shimo moja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya magharibi. Baba alitaka sebule itazame ziwani, na dirisha kubwa. Mama alisema upepo wa mchana kweli unatoka ziwani, lakini na jua la alasiri linatoka huko huko, na huwezi kumkaribisha mmoja ukamfungia mwenzake kwa dirisha lile lile. Baba akasema anatia chumvi.

"Basi leta kiti," mama akasema.

Alifunga shuka mbili kwenye miti mahali ambapo ukuta wa magharibi ungekuwa, akaacha uwazi kati yake ukubwa wa lile dirisha. Saa tisa alasiri baba akaketi kwenye sebule yake na gazeti. Saa tisa na nusu akasogeza kiti nyuma. Jua likaingia zaidi. Akasogea tena. Kadiri lilivyoshuka ndivyo lilivyomfuata, likimulika magoti, kisha kifua, kisha miwani. Ilipofika saa kumi na moja baba alikuwa ameshatoka nje ya sebule, ameshavuka vyumba vyote vya nyuma, amekaa na kiti chake kwenye shamba la mihogo la jirani, bado ameshika gazeti.

Fundi ndiye aliyeanza kucheka. Mama hakucheka. Alichukua shuka ya tatu, akaitandaza mbele ya zile mbili kama paa, akaifunga kwenye miti miwili mifupi ili ncha ya mbele ishuke chini mpaka usawa wa kifua cha mtu. "Njoo ukae hapa sasa." Baba alikuja akakaa. Kulikuwa na kivuli, na upepo wa ziwa ulikuwa unapita chini ya shuka na kugeuza kurasa za gazeti lake. Alikaa hapo mpaka jua likazama. Alipoinuka alimwambia fundi, "Fanya anavyosema."

Kwa hiyo nyumba ikawa nyembamba na ndefu, chumba kimoja tu kwa upana, kila chumba na dirisha huku na dirisha kule, upepo uingie mashariki au magharibi na upate pa kutokea. Mbele, urefu wote wa nyumba, kibaraza kirefu chenye paa lililoinama, na benchi za matofali zilizojengewa humo humo, ndiyo ikawa sebule. Jiko likatengwa upande wa kaskazini ili moshi usimkute mtu. Kuta zilipanda kozi tatu za matofali zaidi ya kawaida, na juu yake, chini ya bati, mama akataka uwazi wa kiganja kuzunguka nyumba nzima, uliozibwa na wavu wa mbu tu. Na mwisho wa kusini, karibu na choo, chumba cha bibi, chenye mlango wake wa nje.

Huo mlango baba aliupinga. "Mlango wa pili ni wa mpangaji," alisema. "Utaleta maneno." Msingi ukachimbwa na neno la mlango halijaamuliwa.

Msingi ulikuwa umefika usawa wa ardhi wakati mama mdogo alipofika.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Kila siku maboti ya mbao yalishusha watu ufukweni, na mjini kila ukoo wenye damu ya ng'ambo ulikuwa na wageni. Sisi tulipata wetu asubuhi moja: binti wa mdogo wake bibi, mwalimu wa watoto wadogo, na watoto wake wawili, mvulana na msichana. Alikuwa na mfuko wa mkononi na redio isiyo na betri. Yeye na mumewe walipotezana njiani. Alitueleza hilo mara moja, ameketi kwenye mkeka na miguu imenyooka, kisha hakulisema tena, na bibi alitukonyeza tusiulize.

Tukawa kumi ndani ya vyumba viwili. Baba sasa alikohoa mara tatu.

Neno la mama mdogo lilikuwa samahani. Akienda kuchota maji, samahani. Mtoto wake akilia, samahani. Akitaka kutoka usiku kwa haja ndogo alitukanyaga mmoja mmoja akituomba samahani, mpaka mdogo wangu wa kiume akawa anamjibu usingizini, "Si kitu." Mchana mama alimchukua kwenda Katubuka, na huko nilimwona mtu mwingine. Alifunga kanga kiunoni, akabeba maji kutoka bombani akimwagia kuta mbichi zisipasuke, akagombana na fundi juu ya udongo. "Hii mortari ni maji tu!" alimwambia. "Unajenga nyumba ao unapika uji?" Fundi alimpenda sana.

Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya rundo la matofali nikawasikia yeye na mama, wamesimama kwenye kile chumba cha kusini ambacho kuta zake zilikuwa zimefika magotini.

"Yaya," mama mdogo akasema, maana ng'ambo ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "hapa ni pa nani?"

"Pa mama. Na wewe na watoto wako. Nimeshapima, deka mbili, vitanda vya juu na chini, zinaingia."

Mama mdogo alizunguka ndani ya zile kuta fupi. "Na huu mlango?"

"Bado tunagombana. Baba watoto hautaki."

"Umuombe," alisema. "Shemeji ni mtu muzuri, sina neno naye. Lakini mtu akiomba njia kila siku, yaya, mwisho anaanza kutembea kama mwizi. Batoto bangu banaanza. Nimewaona."

Mama aliokota kipande cha tofali akachora mstari chini, mahali mlango utakapokuwa.

Haikupita miezi mingi, mjumbe wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba wote waliovuka ziwa wajiandikishe, watapelekwa kambini. Familia nyingi zilificha ndugu zao. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, na kila mtu nyumbani alijua maana yake: akikutwa ameficha mtu, kazi imekwisha. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu mama mdogo ndiye aliyesema, wakati tunakula, watu wazima na watoto wote tunamsikia.

"Shemeji, kazi yako inalisha hii sahani. Mimi nitaenda."

"Sijakwambia uende," baba akasema.

"Njo maana ninasema mimi."

Baba aliweka tonge chini, akanawa mikono, akatoka nje.

Siku ya kuondoka baba aliomba ruhusa kazini. Alimbeba yule mtoto mdogo begani mpaka kwenye malori, na mama alibeba chungu cha mawese na mfuko wa dagaa. Msichana wa mama mdogo alikuwa wa rika langu. Nilimpa sare yangu ya shule ya zamani, naye hakuwa na cha kunipa, akaniimbia kidogo kwenye sikio, wimbo niliokuwa nimemsumbua anifundishe akakataa. Lori liliondoka kukiwa na jua kali na vumbi. Bibi hakuja. Alisema ameshaaga wengi.

Mama alirudi kwenye cherehani yake kesho yake kama kawaida. Lakini jioni alipita Katubuka akamwambia fundi aache chumba cha kusini. "Matofali hayo pandishia kuta nyingine. Mama atalala na wasichana." Fundi akauliza kama ana hakika. Akasema ana hakika.

Hatukujua. Tulikuja kujua wiki mbili baadaye, tulipokwenda na baba na kukuta nyumba yote imepanda mpaka usawa wa madirisha, na kusini kuta zikiwa bado magotini, majani yameanza kuota ndani. Baba alisimama akatazama. Fundi akamweleza. Baba akavua saa yake, akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya shati, akaanza kung'oa yale majani. Sisi tukamsaidia. Alipomaliza akamwambia fundi, "Jenga. Chumba hiki kina watu wanne."

"Na mlango, mzee? Niuzibe?"

"Mlango wa nje uwepo," baba akasema. "Na uweke upana wa kupita mtu na mzigo wake."

Nilimwona mama siku ile tulipokwenda wote na chumba kimefika linta, juu ya mlango. Alipita kwenye ule mlango, akatoka, akaingia tena, akashika ukuta kwa kiganja. Halafu akamwuliza baba kama amekula.

Tulihama kabla nyumba haijapigwa plasta. Siku za kwanza tuliishi kama watu waliopewa mapafu mapya. Saa nane mchana, wakati Mwanga kulikuwa kunachemka, sisi watoto tulilala sakafuni na madirisha wazi, tukisikia upepo ukipita juu yetu chini ya bati. Bibi alitoka na kuingia kwa mlango wake na kigoda chake, bila kujifunika, na baba alikwenda kazini bila kukohoa. Kwetu watoto hilo lilikuwa na hasara, kwa sababu sasa alitukuta ghafla tunapofanya utundu.

Sitaki mtu adhani mama alipatia kila kitu. Mvua kubwa ya kwanza ilikuja alasiri moja kutoka ziwani, imelala na upepo, ikaingia kwenye ule uwazi wa kiganja upande wote wa magharibi. Magodoro yote yalilowa. Daftari zangu zililowa. Mama alisimama katikati ya chumba na ndoo mkononi, hajui aiweke wapi maana maji yalikuwa yanatoka kila mahali. Baba alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Fundi aliitwa. Alitazama juu, akakuna kichwa, akasema, "Mama, upepo ulimwalika wewe mwenyewe. Sasa amekuja na ndugu yake." Akarefusha bati na kupigilia mbao za mshazari kwenye uwazi. Joto likarudi kidogo, na tangu hapo mama aliacha kuwacheka wenye korido.

Mama mdogo alikuja mara moja katika miaka ile, kwa kibali, bibi alipougua kifua. Alikaa wiki mbili. Siku ya kwanza alifika akabisha hodi kwenye mlango wa kibaraza, baba akatoka, akamwamkia, akachukua mfuko wake, akazunguka naye nyumba mpaka kusini. Akamfungulia mlango, akampa ufunguo, akarudi zake kibarazani. Nilikuwa ndani na bibi. Mama mdogo alikaa kwenye kitanda cha chini cha deka, akashika shika mbao zake. Watoto wake aliwaacha kambini kwa jirani. Kwa wiki zile mbili sikumsikia akisema samahani isipokuwa mara moja, alipovunja kikombe.

Bibi alipona. Aliishi miaka mingine sita, akafa akiwa kwenye chumba hicho, mchana, madirisha yote mawili wazi.

Amani ilipotajwa ng'ambo, mama mdogo aliamua kurudi. Habari za mumewe hazikuwahi kuja, lakini alisema shule yake bado ina kuta. Walipita kwetu, wakalala siku tatu. Watoto wake walikuwa wamekuwa wakubwa. Yule msichana alikuwa amenipita urefu, na tulioneana haya siku nzima kabla hatujaanza kuzungumza. Asubuhi ya safari tuliwasindikiza ufukweni. Mama na mama mdogo walisimama majini mpaka kwenye magoti, wameshikana viwiko, wanazungumza haraka haraka kuhusu vitu vidogo, mbegu za mchicha, dawa ya minyoo, kana kwamba boti ingewasubiri wamalize. Haikuwasubiri.

Tuliporudi nyumbani mama alipitiliza mpaka kwenye benchi ya kibarazani, akajilaza bila kuvua kanga iliyolowa, akalala. Hakuwahi kulala mchana maisha yake yote. Ilipofika saa sita amelala, saa nane amelala, upepo ulipogeuka na kuanza kutoka ziwani bado amelala. Tulitembea kwa vidole.

Baba alikuwa mtu wa Tanga wa zamani, jikoni alikuwa hapajui. Siku ile aliingia. Tulimsikia akiangusha sufuria, akiuliza kwa kunong'ona unga uko wapi, na mwiko uko wapi. Alisonga ugali wa muhogo ukawa na mabonge, akaunguza migebuka, samaki wa ziwani, upande mmoja. Alitupakulia sisi kwanza. Kisha akajaza sahani ya mama, akaifunika kwa sahani nyingine, akaibeba mpaka kibarazani na kukaa nayo mapajani kwenye benchi ya pili, akimsubiri aamke.